Macho ya Shemeji kwa Jina Langu

Jumatatu, 9 Juni

Katibu wa ligi amepiga simu. Fainali ya Kombe la Mavuno ni Jumamosi, Tunduma, na refa ni mimi, Hezron wa Iyula. Sharti moja: nipeleke karatasi ya kupimwa macho. Ferdinand, refa wa Chitete, amewaambia kwamba nilikataa goli la wazi. Wivu tu.

Macho yangu ni mazima. Isipokuwa la kushoto, ambalo siku hizi linaonyesha nguzo za goli zimepinda. Nadhani ni mbao mbovu.

Watafiti wa macho wamefika kituo cha afya kutoka Mbeya. Wanawapiga wenye kisukari picha ya nyuma ya jicho. Kila anayepimwa anapewa karatasi. Picha inasomwa na kompyuta, kisha daktari naye anaisoma, waone kama kompyuta inaweza kuugundua ugonjwa mapema kule kusiko na daktari wa macho. Mimi nina kisukari kwa miaka mingi. Mke wangu Atuganile ameshaniandikisha. Hakuniuliza.

Jumanne, 10 Juni

Nimefikiri huku nachuma kahawa. Karatasi naitaka, kupimwa sitaki. Jibu: Anania, kaka yake Atuganile. Macho ya mwewe. Akikaa kibarazani anakutajia nani anapanda kilima cha pili na amebeba nini. Watafiti ni wageni, hawajui Hezron ni yupi. Nimemwahidi atashika kibendera cha pembeni siku ya fainali. Ameongeza sharti la soda, moja kabla na moja baada. Nimekubali. Mpango hauna tundu.

Jumatano, 11 Juni

Nilimsubiri Anania nyuma ya kituo, akatoka mshindi. Amesoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa. Walimtoboa kidole, sukari ikawa juu mno, muuguzi akamkaripia kwa jina langu. Ni ile soda. Kisha wakamtia matone ya kupanua mboni, wakampiga picha. Ilibidi nimshike mkono kurudi, kwa kuwa jua lilimchoma na njia haikuonekana vizuri. Tulipita mashambani, Atuganile asituone.

Karatasi ninayo mfukoni: Hezron, anaona vizuri, macho yote mawili. Nimeisugua filimbi kwa majivu mpaka inang'aa.

Alhamisi, 12 Juni

Daktari Nesta, mkuu wa watafiti, amenipigia mwenyewe. Kompyuta imeona ugonjwa, naye ameuona: mishipa midogo ya retina, kule nyuma ya jicho, inavuja damu, macho yote mawili. Anataka Hezron aende Mbeya Jumanne akachomwe kwa mwanga wa leza. Nikamwambia Hezron anaona vizuri, hata ubao ni shahidi.

"Baba," akasema, "ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Unaona vizuri mpaka siku unapoacha kuona."

Nilipokata simu nilicheka. Daktari ana mgonjwa, ila si mimi. Kisha nikamwona Anania ng'ambo ya mibuni. Alimaliza kidumu cha maji, akaenda kichakani, akarudi, akaomba maji mengine. Mimi nilikuwa hivyohivyo kabla haijajulikana nina kisukari. Kicheko kikaisha.

Nikamwendea, nikamweleza. Akajibu kwamba ugonjwa umeandikwa jina langu, basi ni wangu. Yeye alifuata soda tu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia Anania kuna kikao cha washika vibendera kituo cha afya. Alivaa hadi soksi ndefu.

Nilimweleza Daktari Nesta kila kitu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema nusura atibu mtu mwingine na kumwacha anayepofuka, na utafiti wake ungebeba uongo. Aliifuta picha ile, akampima Anania upya kwa jina lake mwenyewe. Kisukari, tena cha siku nyingi.

Anania alikaa kwenye benchi na soksi zake. Akauliza polepole, "Watu wa kule kilimani, nitaendelea kuwaona?" Daktari akamwambia amewahi, leza itasaidia kuyalinda macho aliyonayo. Mimi nilitazama sakafu.

Halafu daktari akanigeukia. Sikuwa na mtu wa kumtuma. Jicho la kushoto: maji yamevuja katikati ya retina, pamevimba, ndiyo maana vilivyonyooka naviona vimepinda. Dawa ni sindano, ndani ya jicho. Nikasema kesho nina fainali. Atuganile, ambaye sijui aliitwa na nani, akaniomba filimbi. Nikampa.

Jumamosi, 14 Juni

Ferdinand amechezesha. Nimetazama kwenye simu. Penalti mbili, zote za kubuni. Nimetazama kwa jicho la kulia, kwa hiyo nina uhakika.

Jumanne, 17 Juni

Mbeya. Anania alitangulia. Alitoka akisema ameona radi za kijani, akataka kushikwa mkono. Nikamshika. Kisha zamu yangu: matone ya ganzi, kubanwa kidogo, basi. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, sikupata nafasi.

Daktari ameonya kwamba sindano zitakuwa za kila mwezi kwa muda, na sukari ishuke, la sivyo anafanya kazi bure. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mzima mwenye busara.

Alhamisi, 10 Julai

Jicho lina nafuu kubwa. Anania anafuata masharti kama mlokole mpya. Ugali kidogo, mboga sahani nzima, na lazima akueleze. Hafai tena kwa mazungumzo.

Mimi natumia akili. Jumanne kliniki watatoa damu kuona sukari ilivyokwenda miezi mitatu hii. Miezi hii imekuwa na harusi nyingi, na kukataa keki ya watu ni dharau. Bahati nzuri mpima damu ni mpya, hamjui mtu. Nimeshaongea na jirani yetu Lusubilo, aende atoe damu kwa jina langu. Nimemchagua kwa makini sana. Hajawahi kupimwa chochote tangu azaliwe, kwa hiyo hana ugonjwa wowote.