Chui wa Runingu na Musumeno Wangu

Kazi Mosi, tarehe 7 mwezi wa sita 1954.
Mbuzi wa Léocadie hayuko! Mu vumbi iko nyayo tu, kubwa, duara. Térence mwenzangu wa kupasua mbao akainama, akasema ni chui: mbwa anaacha alama ya kucha, chui anaficha kucha zake. Anajifanya mwalimu.
Léocadie ni mujane, na minye mwenyewe, bibi yangu alikufa miaka tatu sasa. Ninamutaka. Leo amesema mbele ya batu wote wa Runingu: mwanaume mwenye atafukuza huyu chui, ndiye atamuoa yeye. Térence akakohoa. Sikupenda ile kikohozi.

Kazi Mbili, tarehe 8.
Tulipasua mbao za misioni, minye juu, Térence chini mu shimo. Bamama walitoka ku maji, wakasikia musumeno wetu, wakatupa mitungi, wakakimbia: chui! chui! Kweli, chui analia vile vile. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi.
Akili yangu ikafunguka. Asubuhi nitapasua gogo nyuma ya nyumba ya Léocadie. Ataogopa. Nitatokea na mukuki: nimemufukuza, mama! Ndoa.
Térence sikumuambia kitu.

Kazi Tatu, tarehe 9.
Musumeno ule ni wa batu wawili. Peke yangu ulipinda, ukalia kama mbuzi mwenye kifua. Léocadie akauliza mu nyumba ni mwizi gani anakata kuni zake, akatupa muchi. Ulinipata ku goti.
Mchana nikamuambia labda ni chui mugonjwa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kazi Ine, tarehe 10.
Nilipaka musumeno mafuta ya mawese. Jua lilikuwa bado kidogo. Kwenda, kurudi. Vizuri sana! Minye mwenyewe niliogopa.
Halafu upande wa pili: kwenda, kurudi. Térence! Ameiba akili yangu! Nikamutukana: weye mula-vumbi, tafuta bibi yako! Akajibu karibu zaidi. Nikaona mukia.
Kumbe chui dume akisikia mwengine mu pori lake, anakuja kuuliza ni nani. Hakuna mutu aliniambia!
Nikatupa musumeno, nikapanda muti. Juu kitu kikanigusa kichwa. Mguu. Mbuzi wa Léocadie, nusu, ametundikwa mu panda ya matawi. Chui anaweka nyama yake juu, fisi wasiifikie. Nilipanda mu ghala yake!
Batu wakakuja na mabati, kelele, chui akaenda bila hata kuvunja jani. Wakatazama juu: minye na mbuzi. Kapita Ndihokubwayo, mukubwa wa kijiji, akasema kumbe chui wetu anavaa suruali. Léocadie akalia: Nkeshimana, weye umekula mbuzi yangu muzima, na hata mufupa haukuniletea?

Kazi Tano, tarehe 11.
Nilishitakiwa ku kapita. Mwizi! Nilifikiri ni kufungwa.
Mwenye aliniokoa ni Térence. Akaonyesha matundu ya meno ku shingo, manyoya yaliyong'olewa mbele ya kula, alama ya kucha ku ganda ya muti. Tena akasema: Nkeshimana apande na mbuzi? Huyu? Kushuka tu alishushwa na batu wane!
Wakacheka wote. Niko huru. Goti linauma.
Léocadie alimuangalia Térence muda mrefu. Akamuomba alinde boma lake. Nilisema hata minye niko na mukuki. Hakuna aliyesikia.

Siku ya Mungu, tarehe 13.
Padri amesoma majina ya ndoa ku misa: Térence na Léocadie. Nimesamehe. Kosa halikuwa langu, ni la chui. Mnyama wa wivu.
Lakini ku Kasenga iko mujane mwengine, Pélagie, anauza ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Muzuri. Anaogopa kiboko tu. Na sauti ya kiboko ni rahisi: unaingia mu maji mpaka kifua, unanguruma mu pipa tupu. Pipa nimeshapata. Naenda kesho.
Tena kiboko anakula majani. Hatari itatoka wapi?