Dawa ya Machungwa Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Julai 2017
Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nisipange mambo ya mwakani. Basi niandike nililomficha binti yangu Zuhura: chini ya kitanda kuna madumu matatu. Si pombe, si uganga. Karafuu na kitunguu saumu, vimelowekwa siku tisa. Dawa ya ukungu wa kijani unaoozesha machungwa anayouza karibu na stesheni ya treni ya Park Station, huku ugenini! Nilifundisha kilimo Tanga miaka thelathini na moja. Sitaondoka duniani nikimwachia kanzu tu.

Jumanne, 4 Julai
Zuhura alipotoka nilichovya kreti mbili. Ya tatu nikaichovya maji matupu, ya kulinganisha. Kisha nikatoboa kila chungwa kwa sindano ya godoro. Ukungu huingia jerahani, asiyetoboa hajapima. Marthe, jirani yetu Mkongo anayeuza machungwa kando ya Zuhura, alichungulia. Akauliza: papa, uko nadunga machungwa sindano, iko na malaria? Yeye huosha yake kwa maji ya vuguvugu na magadi. Magadi! Kama anachemsha maharage.

Alhamisi, 6 Julai
Bibi mmoja wa Soweto alinusa machungwa mezani kwa Zuhura, akasema eish, hili ni chungwa au pilau? Kreti za dawa hazikuguswa. Ya maji matupu iliisha kabla ya adhuhuri. Ulinganisho wangu umeliwa!

Jumapili, 9 Julai
Wateja wamerudisha machungwa. Kila tundu limeota ndevu za kijani. Hata kreti za dawa. Lakini mistari ilivyonyooka! Ukungu umefuata sindano yangu kwa nidhamu kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Watu wote wamehamia kwa Marthe. Zuhura hakunifokea. Aliniwekea uji, akasema baba, wasiporudi wiki hii naiacha ile nafasi ya kuuzia. Marthe akaja na bakuli la magadi: dada, tuoshe pamoja. Usaliti, mbele ya macho yangu!

Jumamosi, 15 Julai
Wateja wamerudi. Hakuna chungwa lililooza. Zuhura amebaki na nafasi yake. Nimemweleza kwamba Jumatano nilitia kikombe cha dawa yangu kwenye karai lao la kuoshea machungwa. Ndiyo iliyofanya kazi. Akanibusu mkono. Marthe akauliza mbona hayanuki pilau. Nikamjibu hiyo ni sayansi ya juu, mama. Nimekiandikia chuo kule Doornfontein, kurasa sita, dawa iitwe kwa jina langu. Barua imekwenda.

Nakiri hapa tu, maana karatasi haicheki: kikombe kiliniponyoka, dawa ikamwagika yote sakafuni. Karaini halikuingia hata tone.