Sahani Hairudi Tupu

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Wakaazi wote wa kisiwa hiki, kuanzia Makupa hadi Ganjoni, wanaarifiwa kwamba leo asubuhi Kenga wa Mung'aro, mume wa Mbodze, ameteuliwa kuwa Mwalimu Mkuu wa shule mpya iliyofunguliwa katika chumba chake cha mbele, ghorofani, Kibokoni. Aliyemteua ni yeye mwenyewe. Hakukuwa na mpinzani. Wanafunzi ni wanawe watatu. Hafla ilifungwa kwa kugonga sufuria kwa mwiko.

Walimu wamegoma, nchi nzima. Mimi nilipunguzwa kazi yangu ya ukarani ghalani mwezi wa Machi, na tangu hapo jiko ni langu. Mbodze ndiye huenda ofisini, kwa mawakala wa mizigo kule Shimanzi. Leo akivaa viatu alitaja tena rafiki yake Rispah, mke wa Dishon, wa Ganjoni. Eti Rispah hufunza wanawe huku mchuzi uko motoni, wala jirani hasikii kitu. Nikamjibu kwa upole kwamba Rispah ni mtu hodari lakini hana ratiba. Mimi ninayo. Nimeichora nyuma ya kalenda, kwa rangi tatu.

Saa tatu, Hesabu. Saa nne, kuosha vyombo, ambayo ni Sayansi. Saa tano, kufagia, ambayo ni Jiografia, maana vumbi nalo lina lilikotoka. Thoya, wa darasa la tano, aliuliza kama kulala ni somo. Nimemwandika kwenye orodha ya watukutu. Ni yeye peke yake kwenye orodha.

Dama akainua mkono. Huyu ndiye mkubwa, darasa la nane, mtihani wa taifa ni mwezi ujao. Anataka asilimia. Walimu wao waligoma kabla ya kuzifikia. Nikafungua kitabu. Nikasoma ukurasa. Nikafunga kitabu. Nikanusa. Wali ulikuwa unaungua, alhamdulillahi.

Asilimia kesho, nikatangaza.

Bi Zuwena, mwenye nyumba, akaita kutoka chini: Baba Dama, wachoma wali ama wachoma nyumba? Baadaye akapanda mwenyewe na sahani ya vibibi, akiguna kila kidato. Tukavila. Vitamu mno.

Mbodze aliporudi alikuta sufuria imelowekwa. Akatoa sharti. Jumamosi ya wiki ijayo ataleta karatasi ya mtihani wa zamani kutoka kwa Rispah, na Dama ataifanya mezani, mbele yetu. Akifanya vizuri, shule yangu iendelee. Akishindwa, watoto wote watatu waende Ganjoni kwa Rispah, nami niende kwa Jefwa, mjomba wa Mbodze, mwenye ghala la vitunguu Shimanzi, anitafutie la kufanya.

Nimelikubali sharti. Mwalimu Mkuu haogopi mtihani. Wala vitunguu.

Jumanne, 6 Oktoba

Asubuhi nilimtuma Menza, mdogo wetu, airudishe sahani ya Bi Zuwena. Dama akamzuia mlangoni. Akaniuliza kama nataka tuhame. Sahani ya jirani hairudi tupu, baba, hata mtoto wa darasa la pili ajua. Menza, wa darasa la pili, akaitikia kwa kichwa kwamba ajua.

Nyumbani kulikuwa na maembe mabichi tu. Tukayakata, tukatia chumvi na pilipili, tukaita achari. Somo: Sayansi Kimu. Sahani ikashuka. Bi Zuwena akaomba dua nzima, kuanzia mababu zangu hadi wajukuu ambao sijawapata.

Nilikuwa nikisugua sufuria ya jana wazo liliponijia. Nikaacha kusugua pale pale.

Ikiwa sahani ya jirani hairudi kwake tupu, basi sahani yangu nayo, ikienda kwa jirani, haiwezi kurudi kwangu tupu. Jambo la wazi. Linashangaza hakuna aliyeligundua miaka yote hii. Achari iende, chakula kije. Jiko lizimwe. Mwalimu apate muda wa kufundisha.

Asilimia zimeahirishwa kwa sababu ya mipango.

Jumatano, 7 Oktoba

Sahani zetu tatu zimetoka, kila moja na achari kidogo iliyotandazwa ionekane nyingi. Moja kwa Bi Zuwena. Moja kwa Bi Salha, ng'ambo ya kichochoro, mwenye dirisha la kijani. Moja kwa Bi Shemsa wa kona. Thoya na Menza wamebeba. Nimeliandika somo hilo kuwa Maarifa ya Jamii.

Dama alikaa na kitabu mezani akinisubiri. Nikamwambia mradi ukikamilika tutakuwa na siku nzima za kusoma. Akaniuliza lini. Nikamwambia kesho.

Alhamisi, 8 Oktoba

Zimerudi! Kwa Bi Zuwena, samaki wa kupaka, nazi imeganda juu yake. Kwa Bi Shemsa, mkate wa sinia. Kwa Bi Salha, katlesi za viazi, na ndani ya kila katlesi zabibu moja, katikati kabisa. Menza asema Bi Salha huwa hivyo siku zote, hata mjini kote hakuna mwengine atiaye zabibu.

Mbodze alikula samaki. Akalamba kidole. Akauliza amepikwa na nani. Nikasema amepikwa katika nyumba hii. Si uongo. Chini pia ni nyumba hii.

Akasema hajui nilikuwa nimeuficha wapi ufundi huo miaka kumi na tano. Nikainamisha macho, kama afanyavyo mtu mnyenyekevu.

Rispah sasa amesahaulika. Leo hakutajwa hata mara moja.

Jumamosi, 10 Oktoba

Sikukuu. Mbodze yuko nyumbani. Hatari, na sikuifikiria.

Nilidhani mradi ni wa kwenda na kurudi. Majirani wamedhani ni urafiki. Wameanza kuleta kwa sahani zao wenyewe. Kabla ya adhuhuri Bi Shemsa alileta viazi vya nazi. Bi Salha akaleta katlesi tena. Bi Zuwena akapanda na bakuli la mbaazi, akakaa, akamwambia Mbodze kwamba mumewe ana roho ya peponi, hasahau jirani.

Mbodze akaniangalia, akangoja. Nikamweleza kwamba akina mama hawa nawaelekeza mapishi, kwa hiyo huleta kazi zao nizisahihishe.

Akasema, kumbe una shule mbili. Akaongeza nazi kwenye sahani yake bila kuniangalia.

Sasa nina sahani za watu, na kila moja inadai kujazwa. Achari haitoshi tena. Bi Salha alinitumia salamu kwamba achari yangu ni nzuri, ila meno yake yamechoka.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimepata njia. Sitapika. Nitapanga.

Mbaazi za Bi Zuwena zimekwenda kwa Bi Salha. Viazi vya Bi Shemsa vimeshuka kwa Bi Zuwena. Katlesi za Bi Salha zimekwenda kona, kwa Bi Shemsa. Kila sahani imerudi imejaa, kila mtu ameshukuru, jiko langu ni baridi kama msikiti alfajiri. Kazi ya ghalani ilinifunza hili: mzigo usiwe na kituo.

Nilitoa kichwa nje nione wabebaji wangu. Thoya na Menza walikuwa wameketi kwenye ngazi, sahani magotini, na Dama mbele yao na kipande cha chaki. Alikuwa akiwafunza kuzidisha, anaandika kwenye kidato. Wanamsikiliza. Thoya anamsikiliza.

Nimefurahi. Haya ndiyo matunda ya nidhamu. Nikagonga sufuria kuwapongeza, wakatawanyika.

Jioni Dama akaja na kitabu, ukurasa ule ule. Akasema zimebaki siku chache, baba. Akasema mengine ameyasoma mwenyewe, hili moja ndilo limemkataa. Nikamwambia usiku si wakati wa hesabu, akili imelala. Kesho, baada ya sahani.

Alikunja pembe ya ukurasa, halafu akaikunjua.

Alhamisi, 15 Oktoba

Sahani sita. Nimechoka kuliko siku nilizokuwa nikipika. Menza amevunja moja ya Bi Shemsa, yenye maua ya buluu, nami nimempelekea ya kwetu isiyo na maua nikitumaini hatakumbuka. Bi Zuwena ameniuliza kwa nini viazi vyangu vina ladha ya mkono wa Shemsa. Nikasema maji ni ya bomba moja.

Asilimia: kesho, bila shaka yoyote.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nitaandika kwa ufupi.

Saa nne Dama aliketi mezani na karatasi ya Rispah. Mbodze mkabala naye na saa yake ya mkono. Mimi nilisimama dirishani, mikono nyuma, kama msimamizi. Kimya kizuri. Nikahisi mambo yatakwenda.

Ndipo nikasikia kandambili ngazini. Bi Salha, na buibui lake, na sahani yake mkononi. Akapiga hodi, akaamkia kila mtu vizuri, sabalkheri, mwaonaje hali, watoto wazima, mtihani huo, Mungu amfungulie mwanangu. Halafu akaiweka sahani mezani, kando ya karatasi. Katlesi mbili. Moja imevunjwa, zabibu inachungulia.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba sahani hii imetoka kwa Shemsa leo asubuhi. Akaimega katlesi moja, akamuona mwanawe ndani. Akasema, mama humjua mwanawe hata akivishwa kanzu ya watu.

Mbodze akafungua dirisha la kichochoroni, akamwita Bi Shemsa. Bi Shemsa akajibu kutoka kona, bila haya hata kidogo, kwamba katlesi hizo alipewa na Baba Dama juzi, zikamkuta na nyumba imejaa vyakula, na sahani ya Salha ilikuwa inamdai, sasa angefanyaje? Zilikuwa nzuri bado.

Kwa hiyo si mimi peke yangu. Nililisema hilo. Halikunisaidia.

Bi Zuwena naye alikuwa amefika mlangoni kwa sababu ya kelele, nao wote watatu, Shemsa akiwa kule kona, wakahesabu kwa sauti nani alikula cha nani tangu wiki iliyopita. Samaki wa kupaka akatajwa. Mbodze akanitazama aliposikia jina la samaki. Sikuwahi kuona mtu akimsikitikia samaki namna ile.

Bi Salha ndiye aliyecheka kwanza. Wakashuka wakicheka, hadi uani. Walikuwa bado wanacheka adhuhuri.

Dama hakuinua kichwa wakati wote huo. Alimaliza, akaweka kalamu. Mbodze akasahihisha. Kiswahili, safi. Sayansi, safi. Hesabu, safi, safi, kisha nafasi tupu. Akafunua. Nafasi tupu tena. Maswali yote ya asilimia ameyaacha.

Akamuuliza kwa nini hakujaribu hata moja.

Dama akaangalia meza. Akasema, Baba alisema kesho.

Menza, ambaye hakuulizwa, akasema, kila siku alisema kesho.

Mbodze hakunigombeza. Alienda jikoni, akaanza kuosha sahani za watu. Niliomba nisaidie. Akasema niache, zitavunjika zaidi.

Jumatatu, 19 Oktoba

Watoto wamekwenda Ganjoni. Mgomo ungalipo. Chumba cha mbele ni kimya, ratiba inapepea ukutani, na sina wa kumgongea sufuria.

Basi niandike ukweli, maana hakuna anayesoma hapa. Siku ile ya kwanza wali haukuanza kuungua mpaka nilipokuwa nimelisoma swali mara tatu. Sikulielewa. Miaka yote ya ukarani nilikuwa na mashine yenye kitufe cha asilimia, nikikibonyeza, jibu linakuja. Sikuwahi kuuliza linatoka wapi. Sahani hazikuwa za kunipa muda wa kumfundisha mtoto. Zilikuwa za kuumaliza. Ningemwambia Dama sijui, angeenda Ganjoni siku ya pili na leo angekuwa anajua. Badala yake nimemla mtoto siku kumi na mbili, na samaki juu yake.

Jana nilipika. Peke yangu, siku nzima, Bi Zuwena akinielekeza kutoka chini kwa kunusa. Kila sahani imerudi kwa mwenyewe na chakula cha mkono wangu. Bi Shemsa amepata na sahani mpya ya maua. Mandazi yalikuwa magumu. Wameyapokea kama watu wapokeavyo habari ya msiba, kwa adabu.

Leo mchana nilikwenda kwa mjomba Jefwa, Shimanzi. Kazi ipo. Kila gunia la vitunguu likifunguliwa, niandike kilichooza ni asilimia ngapi. Mashine hana. Nilimwambia hakuna shida.

Dama alirudi jioni na uso uliofunguka. Rispah alimwonyesha kwa nusu saa, akikuna nazi, na hesabu ikaingia. Nikamvuta kando, nikamwomba anifunze kabla sijaanza kazi. Akasema, kesho, baba.

Nimestahili.

Ila alikuja na sahani. Rispah ameniletea chapati, eti amesikia mambo yangu ya jikoni. Sahani yake mwenyewe, kubwa, ya kioo. Haiwezi kurudi tupu, na kesho asubuhi Dama anaondoka nayo. Ningeweza kuamka mapema nikapika.

Lakini Bi Salha amenisamehe, na kuonyesha hivyo ametuma katlesi. Zipo hapa, nzima, zimepangwa vizuri. Kosa la mara ile naliona sasa wazi kabisa. Ganjoni ni mbali, Rispah hamjui Salha, na zabibu nimeshazitoa zote kwa ncha ya kisu.