Kumkwepa Mama Mkwe Mpaka Bwawani

Ndugu zangu Mwakio na Righa,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mnajua tangu darasani herufi zangu hulala chini kama mahindi yaliyopitiwa na nguruwe, na leo zaidi, maana kidole gumba kina mwiba ndani. Nilipokosea, someni kile mnachofikiri nilitaka kusema. Naandika polepole, kandili inatoa moshi, na barua hii ni lazima ipande gari moshi la kesho kuja kwenu Mombasa. Sababu mtaiona mwishoni.

Leo nimeumbuka.

Sikuanguka kanisani. Sikukosea kuimba. Hayo ningeyashukuru.

Mnajua nataka kumwoa Mwende, yule binti wa Kikamba anayekaa hapa Voi kwa mjomba wake Mutua, fundi wa reli. Wazee wetu wameshaonana mara mbili. Mazungumzo makubwa ni Jumamosi hii. Mama yake Mwende ameshuka gari moshi jana kutoka kwao kuja kuyahudhuria, na amefikia kwa Mutua. Mimi sijawahi kumwona.

Jana jioni Mutua alikuja kwangu akanikalisha chini.

"Elifasi, kwenu Taita mnaheshimu wakwe. Lakini kwetu ni zaidi. Wewe na mama yake Mwende hamkutani. Hamsalimiani. Hamtazamani usoni. Ukimwona njiani, unatoka njiani, unaingia porini mpaka apite. Ukikosa, kuna faini. Au mama anaweza kusema kijana hana adabu, na hapo hakuna Jumamosi."

"Nitamjuaje?"

"Mrefu. Kitambaa cha buluu kichwani. Anatembea kama askari."

Ndugu zangu, sitawaficha. Sheria hii niliipenda. Mnajua kwangu kusalimia mtu ni kazi kama kupasua kuni. Sasa napewa mama mkwe ambaye heshima yake ni kumkimbia! Nilijiona nimezaliwa kwa ajili yake.

Nikafanya hesabu yangu usiku. Mji wa Voi ni mdogo. Kuna stesheni, soko, kanisa na maduka ya Wahindi tu. Mama mgeni atapita kote huko. Mimi nikibaki mjini, nitakutana naye. Kwa hiyo leo baada ya ibada (nilikaa benchi la nyuma, nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho) nikachukua fimbo nikaenda porini kutembea.

Mnajua hiyo tabia yangu. Watu hunicheka kwamba mtu mzima anatembea msituni bila ng'ombe aliyepotea, bila kutafuta kuni wala asali. Lakini porini hakuna wa kusalimia. Nilifuata ile njia inayoanza nyuma ya landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, ikapita katikati ya migunga, mpaka kwenye yale mashimo makubwa walikochimba changarawe zamani. Mvua imenyesha vizuri mwaka huu. Mashimo yote yamekuwa mabwawa. Kuna matete, kuna bata mwitu, na maji yametulia. Ng'ambo yake unaona mpaka wa hiyo mbuga mpya ya wanyama. Watu wengine huko wanaogopa ndovu. Mimi sikuwa nikiogopa ndovu.

Sijafika bwawa la kwanza, nikaona mbele yangu kitambaa cha buluu kinakuja juu ya majani.

Sikufikiri. Niliruka. Niliingia kwenye kichaka cha miiba kwa kichwa, nikajikunja, nikafunga macho.

Nyayo zikaja. Zikasimama.

"Elifasi?"

Alikuwa mke wa mwalimu wetu wa dini. Mnamjua. Akisimama kando ya mbuzi, mbuzi ndiye mrefu.

"Ndiyo, mama," nikasema kutoka ndani.

"Unafanya nini humo?"

"Natafuta mbuzi."

"Mbuzi gani? Nyinyi hamna mbuzi."

(Ni kweli. Hatuna.)

"Ndiyo maana namtafuta, mama."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Nilitoka nikichomoa mwiba mmoja mmoja. Shati la Jumapili lilipasuka mgongoni. Nikajiambia, si kitu, adabu ina gharama zake.

Nikaendelea. Njia hapo inapita juu ya ukingo mwembamba, bwawa huku na bwawa huku. Nikiwa katikati kabisa, nikaona mtu ng'ambo anakuja. Mrefu sana. Buluu kutoka shingoni mpaka miguuni! Na anatembea kushoto, kulia, kushoto, kulia.

Kutoka njiani, sawa. Lakini kutoka niende wapi? Pande zote ni maji. Nikavua kofia, nikaingia bwawani na nguo zangu, nikajificha nyuma ya matete. Maji yalinifika kifuani. Chini kulikuwa na tope laini kama uji.

Yule mtu akafika juu yangu. Alikuwa Odhiambo, yule Mjaluo wa karakana ya reli, amevaa ovaroli yake, amebeba ndoana anakwenda kuvua kambare.

"Bwana mdogo, habari ya humo?"

"Nzuri."

"Umeanguka?"

Hapa ndipo nilipojiharibia, ndugu zangu. Mtu mwingine angesema, ndiyo, nipe mkono. Mimi niliona haya. Nikasema, "Hapana. Naoga."

"Na shati?"

"Nalifua pia."

Odhiambo alifikiri. "Haya. Oga vizuri," akasema, akapotea kwenye miti kwa hatua zake za kiaskari.

Nikageuka nitoke. Mguu wa kulia haukuja. Nikavuta wa kushoto. Ule ukaja, lakini kiatu kilikataa. Nikauweka tena chini nikitafuta kiatu, nao ukashikwa. Kila nilipojitikisa nilizama kidogo. Nilikaa hivyo kwa kitambo kirefu. Chura mmoja alikuja akakaa juu ya tete karibu na pua yangu akanitazama. Sikumsalimia na yeye hakunisalimia. Tulielewana.

Lakini tope lilikuwa limenipita magoti, na jua lilianza kuinama. Nikaanza kuwafikiria wale ndovu upya. Ikabidi nifanye kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nizaliwe. Nilipiga kelele.

Kusema kweli sauti ya kwanza haikumtisha hata chura. Ya tatu ndiyo ilisikika.

"Nani huyo?" ikajibu sauti ya mwanamke, karibu kabisa.

Alikuwa upande wa pili wa matete, amechuchumaa ukingoni anachuma mnavu, kiondo chake kando. Mama wa makamo. Nikamchunguza kwa makini, maana nimejifunza. Alikuwa amechuchumaa, kwa hiyo urefu sikuuona. Kichwa kilikuwa wazi, hakuna kitambaa. Na alikuwa hatembei, kwa hiyo askari hakuonekana popote. Halafu Kiswahili chake kilikuwa kizuri cha pwani, wakati Kiswahili cha Mutua mnakijua. Nikatulia. Nikamwamkia vizuri, nikamwambia nimekwama.

"Umeingiaje humo, mwanangu?"

Sijui ni baridi, sijui ni furaha ya kuokolewa. Mimi, Elifasi, ambaye mwalimu alidhani ni bubu mpaka darasa la tatu, nilifunguka nikasema yote.

"Namkwepa mama mkwe."

"Yuko wapi?"

"Mjini."

"Sasa mbona unamkwepa huku?"

"Ili nisikutane naye kule."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nikacheka. (Oneni tu!)

"Kwani ni mkali?"

"Simjui, mama. Lakini watu wanasema anatembea kama askari. Nadhani hata akilala, analala wima."

Hayo ya kulala Mutua hakuyasema. Niliyaongeza mwenyewe kwa sababu yule mama aliyapenda ya kwanza.

"Watu ni wabaya," akasema, anajifuta machozi. "Basi ngoja nikuvute. Mkono hautafika."

Akaingiza mkono ndani ya kiondo, chini ya mboga, akatoa kitambaa. Akakisokota, akafunga fundo mwishoni, akanirushia. Nikalidaka lile fundo. Akasimama, akakaza miguu, akaanza kuvuta. Alikuwa na nguvu. Tope likaanza kuniachia, mguu mmoja ukatoka, nikaanza kupanda. Nikatazama kile kitambaa nilichoshika.

Kilikuwa cha buluu.

Nikamtazama aliyekivuta. Alikuwa mrefu. Alikuwa mrefu kama nguzo ya simu.

Ndugu zangu, mngefanya nini? Mimi nilikumbuka sheria. Hamtazamani usoni! Nikaachilia kitambaa ili nifunike uso kwa mikono miwili.

Mimi nikarudi bwawani chali. Yeye akaenda nyuma akakaa chini kwa kishindo, juu ya mboga zake. Bata wote wakaruka.

"Mbona umeachilia?" akafoka.

Nilikuwa natema maji. Uso bado nimeufunika.

"Mama, wewe ni... ni mama yake Mwende?"

Nilisikia khanga ikivutwa kwa haraka. Nilipochungulia kwenye vidole, alikuwa amenipa mgongo, amejifunika kichwa kizima, amesimama wima mbele ya mgunga kama mtu anayeongea na karani dirishani.

Akaanza kuongea na mti.

"Wewe mti. Muulize huyo aliye matopeni, yeye ndiye Elifasi?"

Mti haukujibu. Ikabidi nijibu mimi, lakini si kwake. Nikamgeukia chura.

"Chura, mwambie mti, ndiyo."

"Mti, mwambie huyo, mimi nimevua kitambaa kichwani asinitambue, na kuja kuhangaika huku porini siku ya Jumapili ili nisikutane naye mjini."

Nikamgeukia chura nimtume pole zangu. Chura alikuwa ameshaondoka.

"Na muulize, watu wanaosema natembea kama askari ni Mutua?"

Nikanyamaza. Mnajua kunyamaza ninakuweza.

"Mutua ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni huyo, kabla sijaenda kukaa miaka yangu ya pwani," akauambia mti. "Nitamwona nikifika."

Basi nikajua Jumamosi yangu imekwisha. Nimemsalimia mama mkwe. Nimemtazama usoni. Nimemchekesha, nimemsengenya mbele ya macho yake, kisha nimemwangusha. Kama kuna kosa lililobaki, sikuwa nimeambiwa.

Lakini yule mama hakuondoka. Alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mgongo kwangu, akarusha kitambaa juu ya bega lake bila kugeuka. Nikalishika fundo, macho nimefumba. Akaanza kutembea. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ni kweli, ndugu zangu, anatembea kama askari, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana mwendo mwingine usingenitoa. Kitambaa kililia, kikachanika katikati, lakini mimi tayari nilikuwa juu ya majani, nimelala kifudifudi, kiatu kimoja.

Akaokota kiondo chake.

"Mti," akasema, "mimi leo sikukutana na mtu. Nimevuta ndama wa watu kwenye tope. Ndama mzuri, ila ana maneno mengi."

Akaenda zake mjini. Mimi nilibaki pale mpaka alipofika mbali, kisha nikarudi kwa njia ya nyuma ya makonge, nisikutane na mtu. Nilikutana na Odhiambo amebeba kambare wake.

"Umetakata?" akaniuliza.

Jioni hii Mutua alikuja. Sikio lake moja lilikuwa jekundu, na hakutaka kukaa.

"Mama anasema Jumamosi iko palepale."

Nilitaka kumkumbatia. Nikatazama chini tu.

"Anasema binti yake alimwambia unaogopa watu, naye alikuwa na wasiwasi kama nyumbani kutakuwa na mazungumzo yoyote. Sasa hana wasiwasi. Sijui kwa nini. Halafu anasema kuna faini ndogo. Siku hiyo utatuma kitambaa kipya cha buluu, maana chake kimechanika akivuta ndama." Mutua akanikodolea macho. "Elifasi, ni ndama gani huyo?"

Nikasema hata mimi simjui.

Alipoondoka nimezunguka kugonga mlango wa kila mwenye duka hapa Voi, na wote wanasema vitambaa vilivyobaki ni vyekundu na vyeupe. Buluu imekwisha. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkicheka chekeni huko huko Mombasa, nisisikie, lakini mkimaliza niandikieni haraka, hata mistari miwili, na ndani ya bahasha mkunje kitambaa cha buluu kilicho kizito. Kiwe kirefu. Kisiwe cha kuchanika, maana huyu mama bado tutaishi naye, na mabwawa yako palepale.

Ndimi rafiki yenu,
Elifasi