Baraza Langu na Dishi la Mtandao

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Bi Mastura amepata mjukuu! Wa kwanza. Nasma, bintiye aliyeolewa Maskati, kajifungua alfajiri. Habari imefika kwa simu ya kawaida, sauti ikikatika kila neno la tatu. Ilibidi apigiwe tena ndipo ajue ni wa kike.

Picha zimetumwa. Hazifunguki. Hapa Kigombe picha ikianza kufunguka asubuhi, jioni umeona paji la uso. Nimekaa naye barazani kwake saa nzima tukitazama kile kiduara kinavyozunguka. Mimi fundi redio, mwaka wa thelathini na moja huu, lakini kiduara kile sina bisibisi yake.

Anaomba jambo moja tu. Ijumaa, siku ya saba, mtoto akinyolewa nywele za akika, amwone. Nikamshauri apande gari aende Tanga mjini, huko mtandao ni wa kumwaga. Akanijibu kwamba mjukuu haangaliwi kando ya barabara kama ajali. Ataonwa hapa hapa, na mashoga zake wapige vigelegele. Nikasema itakuwa hivyo, niachie mimi.

Kwa nini nilisema? Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi mgane, mwaka wa tisa sasa. Mbele ya ncha ya leso sijiwezi.

Jumapili, 10 Agosti

Mungu mkubwa! Watu wa mradi wa mtandao wa kasi wamefika na gari lao. Injinia ni binti wa mjini, Praxeda, buti kubwa na kofia ngumu. Kaniamkia shikamoo hata hajashuka vizuri. Mtoto kalelewa.

Kaeleza hivi: dishi moja litafungwa juu ya nyumba moja. Litapokea mtandao kutoka mnara wa mlimani, upande wa Muheza, lakini lazima liuone mnara bila kizuizi. Nguvu yake ni hatua thelathini hivi, kwa hiyo mwenye haja atakuja kukaa hapo hapo. Shule iko bondeni, haioni kitu. Nyumba za juu ni mbili: yangu na ya Bwana Abdulghani mwenye duka.

Hapo hapo nikaona yote. Dishi kwangu. Baraza kwangu. Bi Mastura kila siku kwangu, na simu yake, na birika langu la kahawa katikati. Nampenda. Nimeshaandika, basi.

Abdulghani naye kaona. Hadi alasiri baraza lake limepakwa chokaa na lina benchi mbili mpya. Ana miaka sitini na tatu na ndevu bado anazitia hina. Kwa ajili ya nani? Najua kwa ajili ya nani.

Jumatatu, 11 Agosti

Injinia kapanda juu na darubini, kwangu kwanza, kisha kwa Abdulghani. Jibu moja: kuna mnazi uwanjani kwangu umesimama katikati ya njia. Unaziba nyumba zote mbili. Atarudi Jumatano kuamua, Alhamisi wafunge, halafu wanahamia Tongoni.

Nimempikia pweza wa nazi. Kala sahani mbili, kashukuru, hakuahidi kitu. Alitaka kusema jambo kuhusu paa langu. Nikamwambia tumalize kwanza habari ya mnazi.

Mnazi wenyewe mrefu, mkongwe. Bi Mastura hutuma mkwezi kila miezi michache aje aangue nazi, na mimi tangu ninunue kiwanja hiki kwa kaka yake, miaka kumi na moja, sijawahi kumkataza. Hata siku moja! Huo ndio ukarimu wangu. Natumai anauona.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeuangusha. Laurenti wa kambi ya mkonge kaja na chenso yake, msumeno wa injini. Kabla ya kuwasha aliuliza kama mnazi ni wangu, maana pwani, anasema, kakuta kiwanja cha huyu, mti wa yule. Nikamwambia kilichosimama uwanjani kwangu ni changu, hata kuku akisimama. Mti ukalala kwa kishindo, Abdulghani akatoka dukani mbio akidhani ni mtetemeko. Siku njema!

Nikajaza toroli madafu nikampelekea Bi Mastura, na salamu juu.

Akauliza mbona mengi hivyo kwa mara moja. Nikamwambia mnazi nimeuangusha.

Akaja mwenyewe, akichechemea kwa goti lake. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliketi juu ya gogo, akalipapasa, akaniambia kwamba chini ya mnazi huu ndipo kilipozikwa kitovu cha Nasma. Marehemu mumewe, Rama, alichimba shimo kwa mkono wake siku ya saba, akaweka kitovu, akapanda mnazi juu yake. Kaka yake alipouza kiwanja, mnazi haukuuzwa. Akaniuliza: kwani wewe, Sadalla, hukujua?

Nikaingia ndani kutafuta hati. Mstari wa nne: isipokuwa mnazi mmoja, ambao ni wa Mastura na kizazi chake. Miaka kumi na moja nimesoma mstari wenye jina langu tu. Miaka kumi na moja nampa kwa ukarimu nazi zake mwenyewe!



Jumatano, 13 Agosti

Injinia karudi. Kafurahi kuona njia iko wazi. Ndipo akamalizia lile jambo la paa: kenchi zangu zimeliwa na mchwa, hazibebi hata njiwa wawili. Nyumba ya Abdulghani, kwa kuwa mnazi hauko tena, inauona mnara kama kiganja cha mkono.

Yaani nimemkatia Abdulghani njia. Kwa gharama yangu. Kwa kitovu cha mtoto wa watu.

Abdulghani kanipa mkono wa shukrani. Kanipa na soda.

Alhamisi, 14 Agosti

Dishi limefungwa. Jeupe, linang'aa, liko kwa Abdulghani. Nimefunga dirisha la upande ule.

Bi Mastura kapita, kanisalimu vizuri, kaniuliza hali. Nimeumia. Mtu akikukasirikia unajua pa kuanzia.

Jioni nilikuwa nafunga karakana, nikasogeza kile kifuu ninachozuilia mlango. Si kifuu. Ni nazi ya mnazi ule ule, iliyoanguka mwaka jana, nimeiacha pale chini ya mtungi unaovuja. Imeota! Jani moja, kijani, refu kama kidole. Mtungi nilipanga kuuziba tangu Ramadhani. Uvivu nao una siku yake.

Nimeivika gunia bichi. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 15 Agosti

Akika. Baada ya sala ya Ijumaa mtaa mzima ulikuwa kwa Abdulghani. Mimi nilibaki kwangu, nimeketi juu ya gogo, nimevaa kanzu bila sababu. Nikasikia vigelegele, nikajua kaonekana. Nikafurahi, wallahi. Nikalia pia. Vyote viwili kwa pamoja, na nzi mmoja puani.

Mara Abdulghani yuko uwanjani kwangu. Kasema Bi Mastura ananiita, na kwamba yeye hataki mjadala. Kanishika mkono kama mgonjwa.

Nasma alikuwa kwenye kioo cha simu, safi kabisa, hata kipini cha puani kinaonekana. Kitoto kimenyolewa kipara, kimekunja uso kama mzee aliyepunjwa. Nasma kaniamkia, halafu kauliza: mnazi wangu haujambo? Anataka kumwonyesha mtoto mnazi wa mama yake.

Mimi nikatazama miguu yangu. Nilikuwa tayari kusema.

Bi Mastura akatangulia. Akamwambia bintiye kwamba mnazi umelala, mwanangu. Ulikuwa umesimama kati yangu na wewe, ukaona haya, ukatupisha tuonane.

Nasma kalia, kisha kacheka. Kasema basi umefanya vizuri. Akatutajia jina la mtoto. Mastura.

Bi Mastura alijifunika uso wote kwa leso. Si ncha, leso nzima. Nikaenda mbio nyumbani nikaleta ile nazi iliyoota, na gunia lake, nikaiweka mbele ya simu. Abdulghani alinisemea, akasema vizuri kuliko mimi. Mtu mbaya sana.

Jumapili, 17 Agosti

Tumepanda. Mimi nimechimba, Bi Mastura kashika nazi. Nilidhani atachagua kwingine, akasema hapana, pale pale kando ya kisiki, kitovu kisikae pweke. Kasema huu ni mnazi wa mjukuu, na safari hii niandike hati mimi mwenyewe, mstari wa kwanza. Nimeandika. Kasema pia atakuja kila asubuhi na kila jioni kuumwagilia, maana mimi haniamini na maji.

Nikajibu haya. Akili ilikuwa kwingine.

Pale pale kando ya kisiki! Katikati ya njia ya dishi!

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka mapema na kamba. Nimepima kutoka dishi la Abdulghani hadi mche, na kutoka mche hadi mlimani. Unyoofu mtupu. Mnazi ukitunzwa utapita paa lake baada ya miaka minane, tuseme tisa. Dishi litapofuka. Nani atakata mnazi wenye hati? Hakuna. Kufikia hapo nitakuwa nimeweka kenchi mpya, na dishi nitaliomba lisimame pembeni ya paa langu, upande wa jikoni, ambako mnazi hauzibi. Nitakuwa na miaka sitini na saba tu. Birika nimeshalisugua.

Hodi, hodi! Bi Mastura huyo, na ndoo ya maji. Anauliza kama kuna kahawa.

Nimemwomba aketi barazani anisubiri kidogo. Nina hesabu nyeti hapa, ya namna ya kumfanya aje akae barazani kwangu.