Nyumba ya Babu Lazima Ianguke

Jumatatu, 9 Septemba

Leo nimeanza! Nyumba ya babu inabomolewa, nyumba mpya inapanda, na mimi Tsanko natoka kwa mama mkwe kichwa juu. Ghorofa tatu. Labda nne. Ramani nimechora mwenyewe kwenye karatasi ya kufungia jibini. Sijasomea, lakini jeshini nilijenga daraja kwa kukadiria na jicho tu, na hadi leo vifaru vinapita juu yake.

Sababu ni ya jana kilabuni. Mwanyumba wangu Stoyko, aliyemwoa dada yake mke wangu, yule mwenye simba wa zege getini, aliniuliza mbele ya watu kama mama mkwe ameniruhusu kutoka. Akasema hapa kijijini Slivka wanaoolewa ni wanawake, isipokuwa ule mwaka alipoolewa Tsanko. Walicheka hadi mbwa wa kilabu akaamka.

Kweli, naishi kwa mama mkwe, Mama Yordana, tangu harusi. Ilikuwa kwa muda tu. Lakini Penka, mke wangu, hajawahi kupika supu bila mama yake kuja na kijiko chake, kuonja, kuguna na kuongeza chumvi. Asubuhi alinishika mkono. Akasema, Tsanko, nataka jiko langu, hata liwe dogo kama kabati. Nikamwambia nitakupa jiko la kupotelea ndani.

Halmashaurini nilimkuta Mhandisi Kalcheva, mama mkali wa miwani. Akasema mtaa wa babu ni wa zamani, kubomoa kunataka kibali, na kibali kinataka kamati ije kuhakikisha kwamba nyumba ni ya hatari. Nikamwambia mama, hata ndege wanaikwepa nyumba ile! Akasema watakuja Alhamisi.

Kibali kiko mfukoni!

Jumanne, 10 Septemba

Nimeisaidia nyumba kidogo iwe ya hatari. Vigae vya upande wa kaskazini nimevishusha. Ukutani nimechonga ufa kwa mtaimbo, unaanzia dirishani na kushuka kama radi. Ufa mzuri sana. Ungeuona ungetaka kukimbia.

Kisha roshani. Nikaondoa nguzo moja. Haikuanguka. Nikaondoa ya pili. Ikalia kidogo, ikatulia. Nikapanda juu nikarukaruka. Babu yangu alikuwa mtu mkaidi mno! Mwishowe nilianguka mimi, roshani ikabaki pale pale.

Stoyko alikuwa ameegemea uzio, anakula zabibu. Akauliza kama nimeamua kuipiga nyumba kwa kuwa mama mkwe simwezi. Nikamwambia akaangalie simba wake, mmoja ana sura ya paka mwenye mafua. Akakosa jibu. Yaani alikuwa nalo, ila nilishaingia ndani.

Jumatano, 11 Septemba

Balaa!

Leo ilikuwa zamu yetu kwenye mtambo wa kijiji kupika rakia. Nilikaa kule kutwa, maana pombe ya matunda haitaki kuachwa peke yake. Jioni napita kwa babu kuuaga ufa wangu, nyumba inang'aa! Nyeupe! Mama Yordana na Penka wameipaka chokaa yote. Ufa wameukandika udongo na kuupiga chokaa mara mbili. Maua madirishani. Zulia jekundu limening'inizwa kwenye roshani, na nguzo zote mbili wamezirudisha.

Nikapiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Mama Yordana, ndoo mkononi, akaniuliza kama akili ninazo au nimezisahau mtamboni. Waheshimiwa wanakuja kutoka mjini, halafu wakute utando wa buibui? Kijiji kiseme binti yake mchafu? Nikamweleza polepole kwamba tunataka nyumba ionekane inakufa. Akasema hata maiti huoshwa.

Nikamgeukia Penka. Wewe si ndiye unayetaka jiko? Akainama. Akasema alikuja kumzuia mama yake, akaliona lile vumbi, akajikuta ameshika brashi.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeshinda! Karibu nishinde. Acha niandike kwa utaratibu.

Kamati ilikuja: Mhandisi Kalcheva na bwana mmoja wa makumbusho, mwembamba, wa kuandika hata mtu akipiga chafya. Chokaa haikumdanganya yule mama. Alipanda darini, akachomeka bisibisi kwenye boriti, ikazama yote kama kwenye siagi. Akashuka ana vumbi puani akisema nyumba imekwisha, wadudu wamekula mifupa yake, hana pingamizi ibomolewe. Moyo wangu ulicheza ngoma! Penka alikimbilia nyuma ya nyumba kulia kwa furaha, namjua.

Kulikuwa kumebaki saini mbili. Lakini nani kwetu anamwachia mgeni aondoke na tumbo tupu? Mama Yordana alishaandaa meza chini ya mzabibu: banitsa, ule mkate wetu wa matabaka wa jibini, imetoka tanurini sasa hivi, pilipili za kuchoma, nyanya, na rakia ya jana, bado ina hasira. Tukakaa. Tukagonganisha glasi. Tukagonganisha tena.

Bwana wa makumbusho, kalamu mkononi, akauliza kwa adabu tu, ili ajaze sehemu yake: hii ni nyumba ya kawaida, sivyo? Hapajawahi kutokea jambo lolote la maana?

Nilikuwa nasema hapana. Naapa, midomo ilishakaa mkao wa hapana! Ndipo Stoyko akacheka kutoka kwenye uzio. Akasema jambo la maana litoke wapi, pale walilala wachunga mbuzi, tena mbuzi ndio walikuwa wenye heshima.

Ya kawaida? Nyumba yetu?

Nikasimama. Nikawaambia Jemadari Delko mwenyewe, yule wa sanamu ya uwanjani, aliyepigana na askari wa Sultani milimani, alifichwa kwenye ghala la chini la nyumba hii. Akiwa na risasi begani. Bibi yake babu yangu aliitoa kwa kijiko, akamshona kwa uzi wa soksi. Askari walikuja na mbwa, bibi akamwaga siki, mbwa wakapiga chafya hadi Istanbul. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe! Nilipofika pale Delko anabusu kizingiti na kuondoka kwenye theluji, nilikuwa nalia. Bwana wa makumbusho pia alikuwa analia.

Akaweka uma chini. Mhandisi akarudisha kifuniko cha kalamu. Wakanishika mkono kwa heshima kubwa, wakaondoka bila kusaini. Bila shaka watasaini ofisini, penye meza nzuri. Familia kama yetu haisainiwi juu ya makombo.

Penka ananiangalia vibaya. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 16 Septemba

Kibali kimekataliwa! Nyumba iko chini ya ulinzi wa makumbusho, kwa ajili ya Jemadari, mpaka uchunguzi uishe. Ni marufuku kuondoa hata kigae, na vile nilivyoshusha nivirudishe kwa gharama yangu.

Nikawaka hasira kama tanuri. Nikatoka nje kumtafuta wa kumlaumu, nikakuta watoto wa shule na mwalimu wao mbele ya nyumba, wameshika maua. Mwalimu akaomba mjukuu wa mashujaa aseme machache. Ningefanyaje? Nilisema machache hadi kengele ya mchana. Mbwa sasa wamekuwa thelathini.

Nyumbani Mama Yordana alinipakulia supu kwenye sahani. Akasema nisijali, chumba chetu kipo hadi siku atakayokufa, na yeye hana mpango huo. Kisha akaonja supu ya Penka, akaguna, akachukua chumvi. Penka aliweka mwiko mezani, akatoka nje.

Jumatano, 18 Septemba

Penka amesema mara moja tu, bila kupaza sauti. Nenda kaseme ulidanganya. Akasema sijawahi kukuomba kitu kigumu, hiki ni kimoja, meza aibu nipate jiko langu.

Nilitikiswa. Nikavaa suti ya harusi. Njia nzima nilikuwa najifunza sentensi: Mheshimiwa, hapajalala mtu yeyote, nilikuwa nimelewa. Sentensi fupi, hata mtoto anaiweza.

Mlango wa ofisi ya makumbusho uko wazi. Nani yuko ndani? Stoyko! Amevua kofia, anamweleza bwana wa makumbusho kwamba Jemadari Delko alilala kwa babu yake yeye. Usiku mmoja, kwenye kitanda cha manyoya, baada ya kukataa ghala la kwetu kwa sababu ya harufu.

Harufu!

Nikaingia. Sentensi yangu nilikuwa nayo ulimini, naapa. Lakini nikamuuliza Stoyko, usiku mmoja? Kwetu alikaa majira yote ya baridi! Tena alimchumbia bibi yake babu yangu, na hii pua unayoiona ni pua ya Delko, nenda kaipime pale uwanjani! Bwana wa makumbusho alitoka nami hadi kwenye sanamu. Akapanda kwenye jiwe, akatazama pua ile, akatazama hii. Akasema kwa kweli, kwa kweli.

Stoyko akarudisha kofia kichwani, akaenda zake. Ushindi wa namna hii sijauona tangu jeshini!

Uchunguzi sasa umepelekwa ngazi ya juu, utachukua miaka. Penka hasemi nami. Mama Yordana anasema nami sana.

Ijumaa, 20 Septemba

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza! Nimekosaje kuuona? Nyuma ya nyumba ya babu kuna kipande kitupu, hakuna kitu ila majani. Hakuna cha kubomoa! Naomba kibali cha kujenga, basi.

Mhandisi Kalcheva alikuja mwenyewe leo. Nadhani alimhurumia Penka, maana waliongea pembeni kwa muda, wakashikana mikono. Akapima, akapiga hatua huku na huku, akasema hapa pako safi. Akafungua mkoba juu ya boneti ya gari lake akatoa muhuri. Penka alikuwa amesimama kando yangu, na kwa mara ya kwanza tangu juzi akanishika mkono. Mhandisi akauliza la mwisho, kwa ajili ya utaratibu tu: chini ya ardhi hapa hakuna chochote?

Nikamwambia hakuna kabisa. Udongo mtupu.

Isipokuwa, labda, farasi wa Jemadari. Mweupe. Na tandiko lake la fedha.

Akarudisha muhuri mkobani taratibu sana. Aliguswa, niliona. Penka pia aliguswa, hadi akaketi kwenye majani.

Nimemwambia aanze kuchagua rangi ya jiko.