Hitima Kabla ya Kura

Jumatatu, 5 Mei 2025

Jawaher wangu,

Nimechukua fomu! Urais wa serikali ya wanafunzi, chuo chetu kidogo cha Madungu. Wanafunzi kumi na tisa, mwenye mvi mimi peke yangu. Wananiita Babu. Wewe ulikuwa ukiniita Mheshimiwa, ukinimiminia chai huku ukicheka. Tangu ututoke, miaka miwili sasa, sijalisikia tena jina hilo. Rais wa wanafunzi huitwa hivyo. Nalitaka.

Mpinzani ni mmoja, Fakhriya wa Mtambile. Miaka ishirini na mmoja! Kaniambia mbele ya darasa, "Babu, urais una ngazi nyingi, magoti yako yana habari?" Walicheka mpaka walionidhamini.

Jumanne, 6 Mei

Mwalimu Hudhaifa, anayetufundisha siasa na utawala, kasema kumlisha mpiga kura ni rushwa. Nimeandika. Nimepiga mstari. Hapo hapo nikapata wazo: hitima yako, kisomo na pilau! Hitima ni ibada, nani ataiita rushwa? Iwe Alhamisi, kura ni Jumamosi. Nimealika darasa zima. Usinune, mke wangu. Dua utaipata yote.

Alhamisi, 8 Mei

Balaa. Fakhriya kafika asubuhi, kanga kiunoni, eti kwenye hitima hakuna upinzani. Kautungua ukutani upawa wako, ambao sijaugusa tangu siku ile. Nilitaka kukataa. Akaugonga ukingoni mwa sufuria mara mbili, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikatoka nje.

Pilau kapakua yeye. Wakamshukuru yeye. Mwalimu Hudhaifa kala sahani mbili, kisha akamwambia, "Mashaallah, binti, una mkono mtamu."

Na mbuzi aliyechinjwa ni wangu!

Jumamosi, 10 Mei

Nilihesabu vichwa: kumi wangu, nami nikiwemo. Ushindi! Lakini karatasi mkononi, nikaona haya. Mtu mzima ajipigie kura mwenyewe, kama mwenyeji anayejipakulia nyama mbele ya wageni? Nikampa Fakhriya yangu, kwa adabu tu.

Fakhriya kumi. Mimi tisa.

Nikamuuliza yeye alimpigia nani. Akashangaa. "Mwenyewe, Babu! Kwani wewe?"

Nikamjibu kura ni siri.

Jumatatu, 12 Mei

Rais katangaza baraza lake. Mimi Waziri wa Chakula na Hitima. Akanigeukia mbele ya wote: "Karibu mbele, Mheshimiwa."

Nimelisikia, Jawaher. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makubadhi, hayana kamba.

Basi nitosheke? Hata! Mwakani nagombea tena. Hitima kubwa zaidi, mpishi wa kukodi, upawa nitaufungia kabatini. Yako tumeshaisoma, kasoro ni marehemu mwingine wa kumsomea. Mjomba wako Marhoun anakohoa sana, ingawa simwombei mabaya. Na kura yangu nitampa mpinzani tena. Adabu ni adabu.

Huko uliko, nikumbuke. Na ukinitaja, nitaje kwa jina lile.